Mtumbwi uliorudi kutuchukua

Mimi si mwandishi. Mimi ni fundi cherehani, na wengi wenu mnanijua kwa sababu ya suruali za shule za watoto wenu. Lakini baada ya safari niliyofanya na bibi yangu mwezi Oktoba 2024, wenzangu walinisukuma niiandike kwa ukurasa huu wa familia. Wao walitaka kicheko, maana hapa mtaani waliimba wiki nzima: "Wazee wameenda bichi kama wazungu!" Kicheko kipo. Lakini kuna jambo lingine ndani yake, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Tulifunga ndoa Baraka, kule Fizi, mwezi wa sita 1998. Miezi miwili haikutimia, vita vya Agosti vikaanza. Kwa hiyo ndoa yetu na vita vile ni kama pacha, umri wao ni mmoja. Mwaka 2023 tulitimiza miaka 25. Watoto walitaka kufanya sherehe, lakini nyinyi wenyewe mnakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Amri ilitoka kwamba wakimbizi wote waliokuwa wanaishi mijini warudi kambini. Watu walifika hapa na magodoro kichwani, na biashara zao wameziacha huko. Kambi iliyopangwa kwa watu kama elfu kumi hivi, leo ina zaidi ya 50,000. Sisi wenyewe tulipokea familia moja katika nyumba yetu ya vyumba viwili. Nani angepika pilau ya sherehe?

Basi mwaka uliofuata binti yetu mkubwa, yule anayesuka nywele, alikusanya na wadogo zake pesa kidogo kidogo. Akaja siku moja jioni akaziweka mezani, akasema, "Baba, mama, hizi si za mahindi. Hizi si za sabuni. Mwende mahali siku mbili mpumzike."

Mimi nikasema palepale, "Twende Salima, tukaone ziwa. Kuna kisiwa pale, tutapanda mtumbwi."

Mama watoto hakujibu. Aliinuka akaenda kuangalia moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri.

Lazima niwaeleze. Bibi yangu alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mvuvi, na yeye akiwa mtoto alijua kupiga kasia kuliko vijana wengi. Lakini tangu 1999 alikuwa hajaweka mguu kwenye mtumbwi. Ile mwaka tulivuka usiku kwenda upande wa Kigoma, mitumbwi miwili ya mota, watu wamejazwa kama dagaa kwenye gunia. Katikati ya ziwa upepo ukaamka. Wa kwanza, ambao sisi tulikuwamo, ulifika asubuhi. Wa pili haukufika mpaka leo. Ndani ya ule wa pili alikuwamo mdogo wake wa kike, wa miaka kumi na minne.

Kutoka Kigoma tulipelekwa Lugufu, tukakaa miaka kumi, watoto wanne wakazaliwa pale. Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 tukashuka Mbeya, tukavuka mpaka wa Songwe, tukaingia Karonga, kiisha Dzaleka. Safari yote hiyo ni ya barabara. Kila palipokuwa na njia ya maji, mama watoto alisema, "Mimi nitatembea kwa mguu."

Siku tatu hakusema kitu juu ya Salima. Siku ya nne, tukiwa tunapepeta maharage, akasema, "Haya. Lakini nikisema turudi, tunarudi." Nikakubali.

Kwanza ni karatasi. Wageni katika kambi huenda hawajui: Malawi iliposaini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, na moja linahusu uhuru wa kutembea. Ndiyo maana tunaomba ruhusa. Mimi nilijaza fomu, na pale pa sababu niliandika "mapumziko ya ndoa". Kijana aliyekuwa mezani alisoma, akaniangalia, akasoma tena. Nilifikiri ameona kosa. Kumbe anacheka. Akatupa siku tatu, akasema, "Muyende bwino, bambo."

Ijumaa asubuhi tulipanda minibasi ya Lilongwe. Pale stendi tulinunua mandasi, tukakaa chini ya kivuli tukala. Mama watoto akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Alisema, "Unajua, mimi Lilongwe naijua hospitali tu. Kila mara nikija hapa, kuna mtoto mgonjwa mgongoni." Siku ile mgongo wake ulikuwa mtupu. Tulizunguka sokoni saa nzima bila kununua kitu, tunaangalia vitenge na kubishana rangi. Mimi fundi, nilitaka kumwonyesha kwamba najua. Akanishinda kama kawaida.

Kutoka Lilongwe mpaka Salima ni kama kilomita 100. Mara barabara inaanza kushuka, joto linapanda, na mibuyu inaanza kuonekana, mikubwa kweli. Salima mjini tukapanda matola, tumekaa juu ya magunia na mama mmoja mwenye kuku watatu, mpaka Senga Bay.

Tulipofika pwani jua lilikuwa linaelekea kutua. Ndugu wasomaji, mimi nilidhani mama watoto atayaogopa maji. Kilichomsimamisha ni harufu. Walikuwa wameanika usipa juu ya vichanja, meza ndefu za matete, mamia kwa mamia ya vidagaa vinametameta. Akasimama katikati ya vichanja, akafunga macho. "Ndakala," akasema. "Ni ndakala za kwetu." Mama mmoja wa pale akamwangalia kwa mshangao, akamtilia kiganjani bila kudai pesa. Akatafuna na machozi yanamtoka, na anacheka.

Tulipanga chumba kidogo kwa usiku. Giza lilipoingia tukatoka nje. Kule ziwani taa za wavuvi zilikuwa zimejipanga kama mji mzima, maana usipa, sawa na ndakala, hufuata mwanga usiku. Tanganyika ni vilevile. Tulikaa tunaangalia. Mimi nilikuwa nazihesabu taa. Yeye alikuwa anasema polepole, "Hawa wanarudi asubuhi. Wote hawa wanarudi asubuhi." Sikuelewa alikuwa anamwambia nani.

Jumamosi asubuhi tulimtafuta mwenye mtumbwi. Tukampata mzee mmoja mpole, na chombo chake cha mbao chenye mota. Kisiwa chenyewe kinaitwa Namalenje. Ukisimama ufukweni unakiona mbele yako. Hakikaliwi na watu. Wengine wanakiita kisiwa cha kenge, na mtaona ni kwa nini.

Mama watoto alimhoji yule mzee kuliko ofisa yeyote aliyewahi kutuhoji sisi. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa Chichewa changu cha sokoni.

"Mwulize wanapanda watu wangapi."

"Ninyi wawili tu."

"Mwulize mzigo gani."

"Huo mfuko wenu."

"Mwulize upepo."

Mzee akaelewa kwamba huyu ni mtoto wa ziwa. Akamweleza kwa heshima, mkono unaonyesha kusini: upepo mkali wa mwera husumbua sana kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane. Sasa ni Oktoba, asubuhi maji yametulia. Akatoa majaketi mawili ya kujiokolea, akayakagua kamba moja moja mbele yake.

"Mwulize, akituacha pale, atarudi saa ngapi?"

Saa tisa alasiri. Alinifanya niulize mara tatu, na mzee akajibu mara tatu bila kukasirika.

Akavua viatu. Akaweka mguu mmoja, akautoa. Akauweka tena. Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. Kiisha akapanda, akakaa chini kabisa, uso kwenye magoti. Mota ikawaka. Njia nzima hakuinua kichwa, na mimi sikusema neno, maana neno gani lingefaa?

Namalenje si ufuko wa picha za kalenda, naomba msidanganyike. Ni kisiwa cha mawe makubwa, mengine yamekuwa meupe kwa mavi ya ndege. Tulishukia mahali padogo, changarawe na mchanga kati ya mawe, pana kama mikeka miwili mitatu. Minandi walikuwa wamejaa juu, wanapanua mabawa yao wayakaushe, kama mafundi wanaopima vitambaa. Tulipokaa tu, kenge mmoja mrefu kama mkono wangu akatoka kwenye ufa wa jiwe, akatuangalia, akapita zake kama mwenye nyumba. Mama watoto akapiga kelele, halafu akacheka. Hapo ndipo niliona uso wake umefunguka.

Maji yalikuwa safi mpaka chini. Samaki wadogo wa buluu na wa njano, wale wanaoitwa mbuna, wanacheza kati ya mawe. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Tulitoa chapati zetu, mayai ya kuchemsha na samaki wa kukaanga tuliyemnunua pwani. Tukala kimya. Ndugu zangu, ni lini mara ya mwisho mlikula kimya, bila mtoto kulia, bila redio ya jirani, bila mtu kubisha hodi kuomba chumvi? Mimi sikumbuki.

Kiisha kula, alianza yeye.

Alisema, "Ile usiku nilikuona."

Nikamwuliza, "Uliniona nini?"

"Nilikuona unamshika mdogo wangu mkono, unampeleka kwenye mtumbwi wa pili."

Wasomaji, moyo wangu ulisimama. Jambo hili nilikuwa nimelibeba miaka 25. Mwenye mtumbwi alisema ile usiku tumezidi, watu watatu washuke waende kwa mwenzake. Watu walianza kugombana. Mimi nilimwona shemeji yangu amesimama, nikamshika mkono, nikampandisha ule wa pili. Nilimwambia, "Tutaonana ng'ambo." Sikumwambia bibi yangu kamwe. Nilifikiri gizani hakuona. Kila mara aliponyamaza, katika maisha yetu yote, mimi nilisema moyoni: leo ndiyo ataniuliza.

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni mimi. Nilimpandisha kwa mkono wangu huu."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Weye hujui. Ni mimi ndiye nilimwinua. Nilikuwa na mimba, natapika. Nilimwambia, mdogo wangu, simama kidogo nilale, niachie nafasi. Akasimama. Ndiyo maana weye ulimkuta amesimama. Angekuwa amekaa, usingemchukua yeye."

Halafu akasema, "Nilifikiri siku ukijua, hutaniangalia tena."

Tukabaki tunaangaliana kama watu wawili waliokutana stendi. Miaka 25 tumelala mkeka mmoja, tumezaa, tumezika wazazi kwa habari za simu tu, na kila mmoja alikuwa ameficha kipande chake cha usiku uleule.

Hapo nikafikiri juu ya mahojiano. Sisi wakimbizi hadithi yetu tumeisimulia mara nyingi kuliko wimbo wa taifa. Tarehe gani mliondoka? Mlikuwa watu wangapi? Nani alipotea? Mume chumba hiki, mke chumba kile, ili maneno yalinganishwe. Mimi nilisema, "Shemeji alipotea ziwani." Yeye, ukuta wa pili, alisema, "Mdogo wangu alipotea ziwani." Maneno yetu yalilingana, faili likafungwa. Tumewasimulia maofisa, wakalimani, wazungu wa kuja na kuondoka. Hatukuwahi kusimuliana sisi kwa sisi.

Sikuwa na maneno makubwa. Nilimwambia tu, "Upepo ndio uliomchukua. Na waliotufukuza nyumbani. Si weye."

Akasema, "Na si weye."

Aliinuka, akasogea mpaka maji yakamfika kwenye magoti. Akaita jina la mdogo wake mara tatu, kwa sauti, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Jina lenyewe siliandiki hapa, ni la nyumbani. Minandi waliruka wote kwa mara moja. Halafu akanawa uso, akarudi, akalala akiweka kichwa kwenye mguu wangu, akasinzia. Mimi nilikaa namfukuzia nzi.

Sasa sikilizeni mwisho. Saa tisa ikafika, mtumbwi hakuna. Saa tisa na nusu, hakuna. Mimi nilianza kutoka jasho, si la joto. Nilisimama juu ya jiwe, naangalia, nashuka, napanda tena. Upepo ulikuwa umeanza kukwaruza maji kidogo. Niliwaza: mimi ndiye nimemleta. Kwa mara ya pili nimempandisha mtu mtumbwi kwa mkono wangu. Nilitazamia atalia. Lakini yeye ndiye aliyeniambia, "Kaa chini, baba watoto. Upepo huu si kitu, ni wa kawaida wa jioni. Atakuja." Alikuwa anafunga mfuko, anakunja kitambaa cha chapati, kama aliye nyumbani.

Saa kumi kasoro dakika chache tukasikia mota.

Mzee alikuwa anapunga mkono tangu mbali. "Pepani, amayi! Pepani!" Kumbe petroli. Mnakumbuka mwezi ule petroli ilivyokuwa shida nchi nzima, alizunguka na kidumu chake mpaka akapata. Mama watoto hakungoja nitafsiri. Aliingia majini na nguo zake, akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili, "Umerudi. Umerudi." Mzee hakuelewa neno, lakini alivua kofia.

Wakati wa kurudi alikaa mbele, uso kwenye upepo, mkono mmoja unakata maji. Karibu na pwani akamwonyesha mzee kwa ishara: nipe kasia. Akampa. Mita za mwisho alitupeleka yeye, na vijana wa pale ufukweni wakampigia makofi.

Jumapili tulikuwa hapa tena, na karatasi yetu haijaisha muda. Majirani wakauliza, "Haya, mmeleta nini?" Tulileta usipa kilo mbili, ambao uliisha siku hiyohiyo.

Sasa neno langu kwa familia. Mimi sisemi kila mtu aende Salima. Pesa ni shida, ruhusa si kila siku, na mgao wa chakula mnaujua wenyewe. Lakini wababa na wamama, katika nyumba zetu tunaongea nini? Mahindi, kuni, kadi, kesi imefika wapi, nani ameitwa. Maneno hayo ni ya lazima, siyakatai. Lakini yanajaza nyumba mpaka yale mengine hayana pa kukaa. Tafuteni saa mbili, hata kule mlimani, hata chini ya mti wa kanisani siku za kazi ambapo hakuna mtu. Watoto waachieni jirani, kiisha na nyinyi mkae na wake. Msiende na orodha ya maswali. Nendeni na chapati.

Na kwa watakaofika ziwani kweli: ombeni ruhusa mapema na mwitembeze mfukoni. Mwende asubuhi, maji yakiwa yametulia. Mtumbwi uliojaa msiupande, hata mkiambiwa ni karibu. Vaeni jaketi. Mkiingia majini, kumbukeni kichocho kipo katika ziwa hili, kwa hiyo baadaye mwambieni daktari awapime, dawa yake ipo. Na mwenye mtumbwi mwulizeni atarudi saa ngapi. Mwulizeni mara tatu, si vibaya.

Mama watoto amesoma haya yote kabla sijayaleta. Alirekebisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika kwamba vijana walimpigia makofi kidogo. Anasema walipiga sana.

Ni mimi ndugu yenu, fundi cherehani, Dzaleka.